William wa Tiro na Sura Iliyokosekana

Miaka michache baada ya kustaafu nilitembelewa nyumbani na wazee watatu wa kamati ya jubilei. Shule moja niliyoifundisha zamani ilikuwa inatimiza miaka 50, nao wakataka kitabu kidogo cha historia yake. "Mwalimu," wakasema, "wewe ndiye uliyebaki unayekumbuka." Nikakubali kwa furaha. Niliandika kwa mkono muda wa miezi mitano, nikapata sura 11. Wazee wakarudi, wakanishukuru, wakanywa chai, kisha mwenyekiti akaweka kidole juu ya sura ya saba. "Hii, Mwalimu, tungeomba ipumzike."

Sura ya saba ilieleza mwaka mmoja wa njaa bwenini, jinsi magunia ya unga na maharage yalivyotoka stoo usiku yakaishia sokoni, jinsi wanafunzi walivyogoma, na jinsi wavulana 12 walivyofukuzwa huku waliouza chakula wakiendelea na kazi zao. Sikubishana na wageni wangu. Niliitoa. Kitabu kikachapwa na sura 10, kikasifiwa sana siku ya sherehe, nami nikavikwa shada la maua.

Ni katika majira hayo hayo padre mmoja, rafiki yangu wa miaka mingi, aliponiazima juzuu mbili nene za tafsiri ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1943. Ilikuwa ni historia ya ufalme wa Wakristo wa Ulaya katika Yerusalemu, iliyoandikwa kwa Kilatini na William, Askofu Mkuu wa Tiro. Nilianza kuisoma ili nipitishe jioni. Nikaimaliza nikiwa kama mtu aliyeitwa ofisini kujieleza. Ningependa nimsimulie msomaji habari za mtu huyu, kwa kuwa si wengi kwetu wanaomjua, na kwa kuwa ana neno la kutuambia sisi tulioshika chaki na kalamu.

Tiro msomaji anaijua kwa Injili, pale inapotajwa pamoja na Sidoni. Ni mji wa pwani katika nchi iitwayo leo Lebanoni, na wenyewe huuita Sur. Katika Vita vya Msalaba majeshi ya Ulaya yaliutwaa mji wa Yerusalemu mwaka 1099, na Tiro mwaka 1124. Wakaanzisha ufalme wao huko, wenye mfalme, maaskofu, ngome na mashamba, katikati ya wenyeji waliokuwa Waislamu, Wayahudi na Wakristo wa mashariki. Wageni wale wakazaa, na watoto wao hawakujua nchi nyingine. William alikuwa mmoja wa watoto hao. Alizaliwa Yerusalemu yapata mwaka 1130. Hakuwa mwana wa mtawala. Tunajua kwamba alikuwa na ndugu aitwaye Ralph, mtu wa mjini aliyekuwa na sauti miongoni mwa wenzake, na kwamba mama yao alifariki William akiwa angali mbali masomoni.

Alijifunza kusoma na kuandika katika shule ya Kanisa la Kaburi Takatifu, mahali ambapo mahujaji wa dunia nzima walikuja kupiga magoti. Alipofika umri wa miaka 15 hivi, akavuka bahari kwenda Ulaya kutafuta elimu. Alikaa huko karibu miaka 20. Ndiyo, msomaji, miaka 20! Sisi tuliokwenda chuo cha ualimu miaka miwili na kurudi kijijini tukitembea kama watu waliokwisha kuijua dunia, hatuna budi kunyamaza hapo. Alisoma sanaa huria kwa miaka kumi, zaidi katika Ufaransa, na sarufi akaisoma kwa Peter Helias, bingwa wa sarufi wa zama zile. Kisha akasoma teolojia kwa miaka sita chini ya Peter Lombard, ambaye kitabu chake kilikuja kufundishiwa teolojia Ulaya nzima kwa karne nyingi. Mwisho akaenda Bologna, Italia, akasoma sheria za serikali na za Kanisa miguuni pa wanasheria wakubwa wa wakati huo, Bulgarus akiwamo.

Mambo hayo ya masomo yake aliyasimulia mwenyewe katika sura moja ya historia yake, akiwataja walimu wake mmoja mmoja kwa jina na kwa heshima. Lakini sura hiyo haikuwamo katika nakala zilizotumika kwa mamia ya miaka. Kichwa chake kilikuwapo katika orodha ya sura, mwili wake haukuwapo. Tafsiri niliyoazimwa ilitoka bila hiyo. Mwanachuoni mmoja Mholanzi, R. B. C. Huygens, ndiye aliyeikuta katika hati ya maktaba ya Vatikano, akaichapisha mwaka 1962. Padre aliponieleza habari hiyo, nilikaa kimya. Nadhani hakujua kwa nini.

William alirudi kwao mwaka 1165, mtu mzima mwenye elimu ambayo wachache sana katika ufalme ule walikuwa nayo. Mfalme alikuwa Amalric, mtu mnene, mwenye kigugumizi kidogo, asiyependa sana maongezi lakini mpenda maswali. William anatusimulia kwamba siku moja mfalme, akiwa na homa, alimwita chumbani akamwuliza: je, ukiacha Maandiko na maneno ya watakatifu, iko hoja ya akili inayoonyesha kwamba wafu watafufuka? William alishtuka. Swali kama hilo kutoka kinywani mwa mfalme wa Yerusalemu, mlinzi wa Kaburi Takatifu! Lakini hakumkemea wala hakumwambia asiulize. Alimwongoza kwa maswali, kama mwalimu hodari afanyavyo. Je, Mungu ni mwenye haki? Ndiyo. Je, haki si kumlipa mwema kwa wema na mwovu kwa uovu? Ndiyo. Je, hilo hutimia daima katika maisha haya? Hapana, maana wema wengi huteseka na waovu wengi hustarehe. Basi hapana budi yawepo maisha mengine. Mfalme akaridhika. Katika miaka yangu ya ualimu nimeshuhudia maswali madogo kuliko hilo yakijibiwa kwa fimbo.

Amalric alimpenda msomi huyu. Mwaka 1167 William akafanywa shemasi mkuu wa Tiro. Mwaka uliofuata mfalme akamtuma kwa Manuel Komnenos, Kaisari wa Konstantinopoli, kukamilisha mapatano: Wagiriki na Walatini waungane waiendee Misri kwa pamoja. Safari ilikuwa ndefu, kwa kuwa Kaisari hakuwa mjini mwake. Alikuwa vitani upande wa Serbia, nako William akamfuata. Wakakubaliana, mkataba ukaandikwa, mjumbe akageuka kurudi nyumbani. Kumbe huku nyuma mfalme wake hakungoja. Mwezi Oktoba 1168 Amalric alikwisha kuingia Misri peke yake, ingawa alikuwa na mapatano ya amani na watawala wa nchi hiyo. Mwezi uliofuata jeshi lake likauteka mji wa Bilbeis na kuua watu bila kuchagua.

Hapa ndipo nilipoanza kumheshimu mwandishi huyu. Alikuwa mtu wa mfalme, cheo chake kimetoka mkononi mwa mfalme, na mfalme huyo huyo ndiye aliyemwagiza aandike historia. Hata hivyo hakuyafunika mauaji ya Bilbeis, wala hakuficha kwamba wako waliosema waziwazi kuwa vita vile ni dhuluma na uvunjaji wa ahadi. Akaeleza matokeo yake pia. Kabla ya vita, asema, upande wa kusini ulikuwa salama, Misri ilikuwa kama ukuta kwetu, bahari ilikuwa wazi na biashara ilileta mali. Tamaa ikaharibu yote. Watawala wa Misri, kwa hofu, wakaomba msaada kwa Nuruddin wa Dameski. Jemadari wake Shirkuh akaja, Wakristo wakaondoka mikono mitupu, na Januari 1169 Shirkuh akaishika Misri. Alipofariki miezi miwili baadaye, nafasi yake ikachukuliwa na mpwa wake, kijana ambaye jina lake lingejulikana dunia nzima: Salahuddin.

Mfalme alimkabidhi William kazi nyingine, nayo kwa mwalimu ni kubwa kuliko ubalozi. Alimpa mwanawe Baldwin, mtoto wa miaka tisa hivi, amlee na kumfundisha. William asema mtoto alikuwa na kumbukumbu nzuri, alipenda kusikiliza habari za kale, na alipanda farasi vizuri kuliko wenzake. Siku moja watoto wa wakubwa walikuwa wakicheza, wakifinyana mikono na kukwaruzana kwa kucha, kama watoto wachezavyo popote. Wengine walipoumia walilia. Baldwin alivumilia kana kwamba hasikii kitu. Mambo yakajirudia mara kadhaa, na William akaambiwa. Kwanza alidhani ni ushujaa. Akamwita mtoto, akamhoji, akamchunguza, akagundua kwamba karibu nusu ya mkono wake wa kulia ilikuwa imekufa ganzi. Ukimfinya au hata ukimwuma, hasikii. Waganga wakaletwa, dawa zikapakwa, haikufaa kitu. Ulikuwa ukoma. William anakiri kwamba hakuweza kusimulia jambo hilo kwa macho makavu.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatoka nje. Nilimkumbuka mtoto mmoja wa darasa la nne, mwanzoni mwa kazi yangu, aliyekuwa akinakili ubaoni maneno yasiyokuwapo. Nilimwona mvivu. Nilimchapa kwa muhula mzima. Siku moja mama yake alikuja shuleni akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hivi umepata kumwita nje ukamwonyesha mti ule wa mbali?" Nikamwita. Hakuuona mti. Mama asiyejua kusoma alikuwa ameona nilichoshindwa kuona mimi mwenye cheti. Tofauti yangu na William si elimu yake ya miaka 20. Ni kwamba yeye hakuridhika na jibu la kwanza lililomjia. Alidhani ushujaa, kisha akachunguza. Mimi nilidhani uvivu, nikachukua fimbo.

Mwaka 1174 wafalme wawili mahasimu walifariki, Nuruddin mwezi Mei na Amalric mwezi Julai. Kuhusu Nuruddin, aliyewapiga Wakristo maisha yake yote, William aliandika kwamba alikuwa mtesi mkuu wa jina na imani ya Kikristo, lakini pia mtawala mwenye haki, mwerevu na mcha Mungu kwa kadiri ya mapokeo ya watu wake. Naomba msomaji alipime hilo. Askofu wa karne ya 12, katikati ya vita vya dini, anamwita adui mcha Mungu. Sisi tumeona vitabu vya karne yetu ambamo mpinzani wa chama tu hapewi hata sifa ya kujua kuvaa viatu.

Baldwin akatawazwa akiwa na miaka 13. Raymond, mtawala wa Tripoli ya Lebanoni, akawa msimamizi wa ufalme kwa niaba ya kijana, na ndiye aliyemwinua William: mwaka huo huo akafanywa chansela, yaani mkuu wa ofisi ya nyaraka na barua zote za mfalme, na Juni 1175 akawekwa wakfu kuwa Askofu Mkuu wa Tiro. Sasa alikuwa na vyeo vyote viwili, cha Kanisa na cha serikali. Mwanafunzi wake alikuwa mfalme, na ugonjwa wa mwanafunzi wake ukazidi mwaka hadi mwaka. Hata hivyo tarehe 25 Novemba 1177, akiwa na miaka 16, mfalme huyo mkoma alitoka na jeshi dogo akamshinda Salahuddin mahali paitwapo Montgisard. Ulikuwa ushindi mkubwa, lakini haukuzuia lililokuwa linakuja.

Mwaka 1178 William alisafiri kwenda Roma kuhudhuria Mtaguso wa Tatu wa Laterano, uliofanyika Machi 1179. Huko aliandika orodha ya maaskofu waliohudhuria na maazimio yao, akaiweka katika hazina ya kanisa lake. Wakati wa kurudi alipitia Konstantinopoli akakaa miezi saba kwa Kaisari Manuel. Aliporejea Tiro mwaka 1180 alikuta nchi imepinduka. Dada wa mfalme, Sibylla, alikwisha kuolewa haraka haraka na Guy wa Lusignan, kijana mgeni kutoka Ufaransa, na kwa kuwa mfalme mgonjwa hakuweza kuzaa, mume wa dada ndiye aliyeelekea kuwa mtawala. Baraza likagawanyika kambi mbili, na rafiki za William walikuwa katika ile iliyokuwa inashindwa.

Mwezi Oktoba mwaka huo kiti cha Patriarka wa Yerusalemu, kilicho kikubwa kuliko vyote katika Kanisa la nchi ile, kikawa wazi. Nani aliyekuwa na elimu, utumishi na umri wa kukikalia kuliko chansela, mlezi wa mfalme? Akachaguliwa Heraclius, Askofu Mkuu wa Kaisaria. Baadaye watu walisimulia mengi: kwamba Heraclius alimtenga William na Kanisa, na kwamba alituma mtu akampe sumu Roma. Wanahistoria wa leo hawaiamini hadithi hiyo ya sumu. Mimi linanigusa zaidi jambo lililo wazi ukurasani. Mtu huyu aliyeweza kuandika kurasa nyingi juu ya kuzingirwa kwa mji mmoja, alipofika kwenye uchaguzi ule alitumia maneno machache tu, kavu, akapita. Hakujisifu, hakulaani. Huenda ni unyenyekevu. Huenda ni jeraha. Mwandishi naye ana mahali ambapo kalamu yake huwa nzito.

Kazi yake kubwa ilianza kama habari za mfalme Amalric, ikakua ikawa historia nzima ya ufalme, vitabu 23, ikianzia mbali, tangu siku za Kaisari Heraclius wa kale. Kwa mambo yaliyotangulia kuzaliwa kwake alitumia waandishi waliomtangulia. Kwa yaliyofuata aliwauliza walioona. Kwa ya mwisho aliandika aliyoyaona mwenyewe akiwa barazani na ofisini. Aliandika pia historia ya watawala wa Waislamu, akitumia vitabu vya Kiarabu alivyopewa na mfalme, hasa cha Said bin Batriq, Patriarka wa Aleksandria. Kitabu hicho kimepotea. Ni hasara kubwa, maana si Mlatini mwingine wa zama zile aliyeona kwamba majirani zake nao wana historia inayostahili kuandikwa kwa mpango.

Usidhani, msomaji, kwamba alikuwa malaika. Alikuwa na upande wake. Kila Raymond wa Tripoli anapoingia katika habari, mwanga unaongezeka. Kila wanapoingia askari watawa wa Hekalu, mawingu yanatanda. Watawa hao wapiganaji, pamoja na wenzao wa Hospitali ya Mtakatifu Yohane, Papa aliwaondoa chini ya mamlaka ya maaskofu, na maaskofu waliona zaka na utii vikipungua. William alikuwa askofu. Anapowalaumu kwa kiburi na tamaa huenda anasema kweli, lakini hakimu na mdai wamekaa kiti kimoja. Ni juu ya msomaji kupunguza chumvi mwenyewe.

Lakini palipohitaji ujasiri zaidi hakukimbia. Alijiuliza swali ambalo kila mtu wa nchi yake alilikwepa: kwa nini baba zetu wachache waliwashinda maadui wengi, na sisi leo tunashindwa? Alitoa sababu tatu. Ya kwanza, baba zetu walikuwa wacha Mungu, na wana wao wameharibika. Ya pili, wale wa kwanza walikuwa watu wa vita waliozoea silaha, wakakuta wenyeji wamelala katika amani ya muda mrefu. Sababu hizo mbili ungeweza kuzisikia katika mahubiri yoyote. Ya tatu ndiyo ya mtu aliyekaa ofisini na kusoma ramani: zamani karibu kila mji wa Waislamu ulikuwa na bwana wake, nao walichukiana na kuogopana, sasa nchi zao zote, Misri pamoja na Shamu, ziko chini ya mtu mmoja, nao utajiri wa Misri unamlipia askari. Wahenga wetu walisema umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. William aliona umoja umehamia upande wa pili, na utengano umekuja kukaa nyumbani kwake. Aliandika hivyo wakati ambapo bado kulikuwa na muda wa kusikia.

Mfalme Baldwin alipoteza macho, mikono na miguu, akachukuliwa kitandani hata vitani, na bado akili yake ilikuwa hai. Mwaka 1183 alimpa Guy madaraka, akaona hafai, akayaondoa. William alipofika kitabu cha 23 alichoka. Aliandika katika utangulizi wake kwamba alitaka kuiacha kalamu. Zamani kulikuwa na matendo mema ya kusimulia. Sasa yamebaki mambo ya kuliza, na nani apendaye kutangaza magonjwa na aibu ya mama yake? Maana nchi ile ilikuwa mama yake. Marafiki wakamsihi. Wakamwambia kwamba waandishi wa kale, Livius wa Roma akiwamo, hawakuandika ushindi tu, waliandika na kushindwa. Na kwamba anayetunza kumbukumbu kwa ajili ya wajao hana ruhusa ya kuchagua mazuri peke yake. Akakubali. Akaandika sura moja zaidi, jinsi usimamizi wa nchi ulivyorudishwa mikononi mwa Raymond mwanzoni mwa mwaka 1184. Historia inakoma hapo.

Baldwin alifariki mwaka 1185, na mwalimu wake akamfuata, yaelekea tarehe 29 Septemba 1186. Hakuona mwisho. Tarehe 4 Julai 1187 jeshi la ufalme, likiongozwa na Guy ambaye sasa alikuwa mfalme, liliangamizwa na Salahuddin huko Hattin, na tarehe 2 Oktoba Yerusalemu ukasalimu amri. Miji mingi ya pwani ikaanguka. Tiro ulisimama. Historia yake ikatafsiriwa kwa Kifaransa cha kale, ikasomwa sana, na mwaka 1481 sehemu yake ikapigwa chapa kwa Kiingereza na William Caxton, mpiga chapa wa kwanza wa Uingereza. Chapa kamili ya Kilatini, iliyosahihishwa kwa nakala nyingi na yenye ile sura iliyokosekana, ilitoka mwaka 1986 kwa mkono wa Huygens, miaka 800 baada ya mwandishi kufa.

Katika dibaji ya kitabu chake William alisema kwamba mwandishi wa historia husafiri kati ya miamba miwili. Akisema kweli, atachukiwa na wengi. Akiificha, amesaliti kazi yake. Alisema pia kilichomsukuma kuandika ni upendo wa nchi yake. Niliposoma mara ya kwanza niliona mambo hayo mawili yanapingana. Apendaye nchi si huifunika? Ndivyo wazee wa kamati walivyonieleza: kwamba sura ya saba ingewaumiza waliomo, wengine wao marehemu, na kuiharibia shule jina. Walisema kwa upendo, sina shaka. Lakini wavulana 12 nao walikuwa wa shule ile. Walikuwa na njaa, wakasema wana njaa, wakarudishwa kwao na barua. Katika kitabu chetu cha jubilei hawakupata kuwapo.

Na hapa naona afadhali nami nilipe deni langu, maana nimeshaanza kumhukumu mwenyekiti kana kwamba kosa ni lake. Sikuitoa sura ile kwa ajili ya marehemu wala kwa ajili ya shule. Mwaka ule wa njaa nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alikuwa safarini. Barua zile 12 nilizitia sahihi mimi. Niliposikia "tungeomba ipumzike", moyo wangu ulipumzika kabla ya sura.

William hakufika mbali sana kunizidi katika mambo yake binafsi. Juu ya uchaguzi uliomwumiza alisema kidogo. Lakini juu ya nchi, juu ya mfalme aliyemlea na juu ya vita vya upande wake, alisema. Na alipotaka kunyamaza aliwasikiliza waliomwambia asinyamaze. Mimi sikuwa na marafiki wa namna hiyo siku ile mezani. Nimempata mmoja sasa, amekufa zaidi ya miaka 800 iliyopita.

Rasimu ya sura ya saba nilikuwa nimeihifadhi katika sanduku la vyeti. Nimeitoa, nimeifuta vumbi, sikubadili neno isipokuwa mahali pamoja. Pale nilipoandika kwamba "uongozi wa shule" uliwafukuza, nimefuta maneno hayo, nikaandika "mimi". Msomaji ataikuta ukurasa unaofuata.